Simu ya Mapuna, Unamtaka Nani?

Jumatatu asubuhi Bwana Kalorib aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaniambia kilima cha Mapuna kimefungwa. Nikamuuliza kimefungwa na nani. Akajikuna shingo kwanza, ndipo akasema, "Na baba yako."

Nikacheka. Bosi wangu ni mtu wa mizaha, na baba yangu ni mtu ambaye hajawahi kumfungia hata kuku.

"Sicheki mimi," akasema. "Fundi amekwenda Ijumaa na madumu yake ya dizeli, akakuta jani la namele limechomekwa katikati ya njia ya kupandia mnara wa simu. Akageuza. Wewe ungepita?"

"Nisingepita."

"Haya. Basi usicheke."

Kwetu Vanuatu jani la namele halina mjadala. Ni jani refu, gumu, lenye vijani vya pembeni vilivyochongoka. Likishachomekwa njiani, njia imekufa. Chifu hapiti, mchungaji hapiti, polisi naye anatafuta shughuli nyingine. Anayeweza kuling'oa ni yuleyule aliyelichomeka, na haling'oi mpaka aridhike. Aliyefungiwa njia humridhisha kwa nguruwe.

"Mafuta ya mnara yamebaki ya siku nne," Kalorib akaendelea. "Alhamisi ya wiki ijayo wageni wanakuja. Nchi tisa za visiwa, Leinasei! Na wafadhili wao. Tumewaandikia kwamba waje kisiwani Epi waone kijiji cha mwisho wa dunia ambako mtu anachagua kampuni ya simu anavyochagua shati. Wakifika wakute simu hazishiki, nitaficha wapi uso wangu?"

"Ni ardhi," nikasema. "Atakuwa anadai kodi ya ardhi."

"Mnara hauko kwenye ardhi yake. Wenye ardhi wameshalipwa na wameshaweka sahihi." Akaninyooshea kidole. "Wewe ni mwanawe. Nenda kalitoe hilo jani. Chukua hela ya nguruwe kwa karani."

Nikaenda kwa karani nikachukua hela ya nguruwe. Kumbuka hapo.

Sasa lazima niseme kazi yangu, maana mama mkwe wangu wa zamani alidhani nauza vocha: ofisi yetu ni ya serikali, inasimamia kampuni za simu. Kwa miaka mingi nchi yetu ilikuwa na kampuni moja ya simu, na bei ilikuwa ile iliyoamka nayo. Hatukuwa peke yetu, visiwa vyote jirani vilikuwa na kampuni moja moja za namna hiyo. Tukaanza kukutana. Suva, Apia, Honiara, mara moja hadi Geneva kwenye baridi ya kukata masikio. Waliotangulia kufungua soko walituazima sheria zao, waliochelewa wakaazima zetu, Waaustralia wakalipia meza na kiti changu. Kalorib kila mkutano husimama akasema kidole kimoja hakivunji chawa, na kila mkutano kuna mtu huandika. Tukaahidi mbele ya mataifa kwamba mlango utakuwa wazi kwa kampuni yoyote. Tukaitimiza ahadi. Kampuni mpya ikaja, kampuni kongwe ikanuna, tukailazimisha igawane minara na mgeni wake, bei ikashuka mpaka mabibi wauza magimbi wakawa na simu mbili mbili. Mwaka jana Leisavi, mwanamke wa Mapuna, alishikwa na uchungu mtoto amekaa vibaya, mumewe akapiga simu akiwa shambani, mashua ikaja. Mama mzima, mtoto mzima. Kazi ile naipenda na sitaitubia.

Lakini kabla ya hayo yote Mapuna ilikuwa na simu moja, na simu hiyo ilikuwa kwenye kibaraza chetu.

Ilikuwa sanduku la rangi ya kijivu lililopigiliwa ukutani, mkono mmoja wa kusikilizia, na bamba la jua juu ya paa. Kampuni kongwe ilimpa baba ufunguo na daftari, basi. Mshahara wake ulikuwa kupiga bure mara moja kwa mwezi, na hakuwa na wa kumpigia. Ikilia, baba alinyanyua akasema, "Simu ya Mapuna. Unamtaka nani?" Ukimtaja mtu, alisema, "Subiri nikamwite," au kama mtu mwenyewe anaishi mbali, "Piga tena baada ya robo saa." Kisha alichukua kome lake kubwa la baharini akasimama ukingoni mwa kibaraza akapuliza. Kila ukoo ulikuwa na mlio wake. Mrefu mmoja, watu wa juu. Mifupi miwili, watu wa kisimani. Mrefu na mfupi, kwa katekista. Nyumba thelathini na kitu, na baba hakukosea hata siku moja. Mtu alikuja mbio na matope miguuni, akaongea, akalia au akacheka, kisha hakuondoka. Alikaa akangoja simu ya jirani yake. Mama alikuwa hai wakati huo, tui halikauki jikoni. Waliotangulia kupiga walikuwa wakileta viazi vikuu, wa mwisho wanakuta laplapu, viazi vya kukuna na tui ndani ya majani ya mgomba, imeiva.

Mama alipokufa nilikuwa nimeshahamia Vila, mji mkuu, kikazi. Nikawa nampigia baba kila Jumapili saa tisa alasiri. Miaka kumi na miwili sikukosa. Na kila Jumapili mchezo ulikuwa mmoja.

"Simu ya Mapuna. Unamtaka nani?"

"Namtaka baba yangu, mzee Obed Tarimas."

"Subiri nikamwite."

Nasikia kandambili zinakwenda, pa, pa, pa, mpaka mwisho wa kibaraza. Zinageuka. Zinarudi. Anashusha pumzi kama aliyetoka mbali. "Obed hapa. Nani mwenzangu?"

Mtu mzima na ndevu zake. Nilicheka kila mara.

Kisha mnara ukasimama. Nikanunua simu ya mkononi nzuri, yenye herufi kubwa, nikampelekea na fundi, nikamwambia, "Baba, sasa hata saa tisa hatuna haja ya kungoja. Nitakupigia saa yoyote." Na ndivyo nilivyompoteza. Saa tisa ya Jumapili ilikuwa na mwenyewe. Saa yoyote haina mwenyewe. Jumapili hii niko Suva, nitapiga kesho. Kesho kuna kikao. Wiki ikawa mwezi. Jioni nafika nyumba ya kupanga, nafungua kopo la samaki, nakula wali nimesimama kwenye sinki kwa sababu kuandaa meza kwa mtu mmoja kunanitia uchungu, naiangalia simu, nasema ah, atakuwa amelala. Saa moja ya jioni! Nilikuwa mpweke mimi, na yeye mpweke, na dakika moja ya simu kati yetu ilikuwa rahisi kuliko andazi.

Ndege ya Jumanne ilinishusha Lamen Bay. Nikanunua nguruwe kwa mzee mmoja karibu na uwanja, dume la chonge zilizopinda vizuri, nikampakia kwenye gari la kukodi, tukaenda tukirushwarushwa hadi Mapuna. Njia nzima najisifu. Nimekuja na mila mkononi, si na polisi wala barua. Nani mwingine pale ofisini angejua kufanya hivyo?

Baba alikuwa kibarazani, amekaa kwenye kile kiti chake chini ya sanduku la kijivu. Alikuwa amepungua. Alipoliona gari alisimama haraka mpaka kofia ikaanguka, na uso wake ukafunguka wote, nikaona meno aliyobakiwa nayo. Akashuka ngazi mbili.

Na mimi, mjinga, badala ya kumkimbilia nikaenda nyuma ya gari nikamshusha nguruwe.

Nikamvuta kwa kamba mpaka katikati ya uwanja. Nikasimama anavyosimama mtu wa upande wa pili. Nikasema maneno niliyoyapanga garini, "Baba, nimetumwa na ofisi. Njia ya mnarani ina jani. Tumekuja kuomba lifunguliwe, na hatukuja mikono mitupu."

Akamtazama nguruwe. Uso ule uliofunguka ukafungika taratibu. Shangazi Leitau, dada yake, alikuwa ametokeza na mwiko mkononi. Akasema kwa sauti ya chini, "Wee Leinasei. Wee mtoto. Umefanya nini?"

"Nimeleta nguruwe, shangazi."

"Naona. Macho ninayo."

Baba akashuka ngazi iliyobaki. Akaipokea kamba kutoka mkononi mwangu kwa mikono miwili, kama inavyopasa. Akasema, wala si kwangu, aliwaambia watoto na mbwa waliokwisha kukusanyika, "Mgeni ameleta nguruwe. Mgeni atafunguliwa njia yake."

Akamfunga nguruwe kwenye mti, akaokota kofia yake, akaelekea kilimani. Hakuchukua nusu saa. Akarudi na jani mkononi, akalitupa nyuma ya jiko. Jambo lote lililonileta lilikwisha kabla hata sijapewa maji ya kunywa.

"Ahsante, baba."

"Karibu," akasema, na akaingia ndani.

Nilikwenda jikoni kwa shangazi nikijifanya nasaidia kukuna nazi. Shangazi hakuniangalia.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu," akasema. "Mwanadamu aliyechomwa leo umemwona?"

"Shangazi, mila si ndiyo inavyotaka? Aliyefungiwa analeta nguruwe."

"Aliyefungiwa ni mtu mwingine! Mtu wa kando! Tangu lini mtoto akamletea babaye nguruwe wa jani? Mtoto anakuja, anakaa, anauliza, baba una nini? Anakula, analala, asubuhi jani halipo. Ukimshika nguruwe ndiyo umesema mbele ya kijiji kizima kwamba wewe na yeye si kitu kimoja. Hukufundishwa? Au huko Geneva mnafundishana mengine?"

Nikaacha kukuna.

"Mwulize basi kwa nini alilichomeka," akasema. "Si hukumwuliza? Basi mimi nitakwambia. Alitaka aje mtu wa ofisi. Akajua wakiona ni Tarimas, watamtuma nani? Watakutuma wewe. Mzee alikuwa ananipigia hesabu za siku hapo kibarazani: leo fundi amefika Vila, leo wamemwambia mkubwa wao, leo Leinasei anafunga mkoba. Juzi amechimba viazi vikuu, jana ameniagiza laplapu ya kuku. Ile pale, bado imo kwenye mawe ya moto."

Niliuona moshi ukitoka kwenye majani ya mgomba. Shangazi akafuta mikono, akaenda kwenye kikapu chake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Na hii ilikuja na boti."

Niliijua kabla sijaikunjua. Ilikuwa barua ya kuwaarifu kwamba, kwa kuwa kijiji sasa kinahudumiwa na kampuni mbili za simu za mkononi, simu ya umma ya Mapuna itazimwa mwisho wa mwezi. Kampuni kongwe ilikuwa imeomba iruhusiwe kuzima simu za vijiji arobaini na moja, zile ambazo hakuna anayezipiga. Ofisi yetu ilikubali. Chini pale pana sahihi, na chini ya sahihi, kwa herufi za mashine, L. Tarimas.

Nisidanganye. Mapuna niliiona kwenye orodha ile. Ilikuwa ya ishirini na sita. Nilisimamisha kalamu kidogo, nikasema moyoni nitampigia nimweleze, nikaweka sahihi.

"Aliisoma mara ngapi?" nikauliza.

"Aliacha kuisoma. Aliishika tu. Akasema, Leitau, simu watu wameiacha, sawa, kila mtu anayo yake mfukoni, siwalaumu. Kome limekaa mpaka mjusi ametaga ndani. Lakini saa tisa ya Jumapili nilikuwa nakaa hapa, labda. Sasa amenizimia hata labda."

Nikatoka mbio. Baba alikuwa chumbani amelala ubavu, uso ukutani. Nikakaa sakafuni karibu na mkeka.

"Baba, nimekosa. Nitamrudisha nguruwe."

"Nguruwe akishapokelewa harudi."

"Basi nitaiandikia kampuni, simu yako ibaki."

"Ibaki ya nini? Nani anaipiga?" Hakugeuka. "Umefanya kazi nzuri. Yule mtoto wa Leisavi angekufa. Mimi najua. Usiharibu kazi yako kwa ajili ya sanduku."

"Mimi si mgeni, baba."

Akavuta shuka mpaka begani. Kisha akasema, "Dereva anakungoja. Njia ya Lamen Bay mbaya mvua ikinyesha."

Laplapu ile nilifungiwa na shangazi, nikaila kwenye ndege nikilia, na abiria wa pembeni akanisogezea mfuko wa karatasi akidhani natapika.

Wageni walikuja Alhamisi ile. Simu zilishika, mistari yote minne. Mjumbe wa kisiwa kimoja alimpigia mkewe akiwa amesimama chini ya mnara, akatuonyesha, watu wakapiga makofi. Kalorib akasema la kidole na chawa. Nguruwe wangu alichinjwa siku hiyo, akaliwa na visiwa tisa. Baba alipita kwenye mstari akiwapa wageni mkono mmoja mmoja, na aliponifikia akanipa na mimi, akasema, "Karibu Mapuna," akaendelea kwa aliyefuata. Nilisimama na mkono wangu hewani.

Mwisho wa mwezi sanduku likazimwa. Kwa hilo shangazi alinipigia mwenyewe. Akasema baba hakuling'oa. Ameichukua ile simu ya mkononi niliyompa, ambayo miezi yote hiyo ilikuwa kwenye sanduku la nguo, akaifunga kwa uzi kwenye mkono wa simu iliyokufa. Hatembei nayo. Anasema simu ya nyumba hukaa nyumbani.

Jumapili iliyofuata nilikaa kitandani nikaangalia saa. Ilipogonga tisa nikapiga. Ikalia mara moja tu.

"Simu ya Mapuna. Unamtaka nani?"

"Namtaka baba yangu, mzee Obed Tarimas."

"Subiri nikamwite."

Kandambili zikaenda, pa, pa, pa. Nikatabasamu peke yangu chumbani, nikasema moyoni, haya yamekwisha. Nikangoja zigeuke. Hazikugeuka. Nilisikia kuku, nikasikia mtoto wa mtu anakemewa, nikasikia upepo. Nilingoja mpaka vocha ikaisha na simu ikakatika. Nikanunua nyingine, nikangoja robo saa kama ilivyo kanuni, nikapiga.

"Simu ya Mapuna."

"Baba, ni mimi."

"Uliyemtaka hajapatikana," akasema kwa ile sauti yake ya kazi, ya upole, aliyowapa watu wote. "Jaribu Jumapili ijayo."

Nikajaribu Jumapili ijayo. Hajapatikana. Niliwahi kupiga Jumatano, ikalia mpaka ikachoka. Kumbe alikuwepo, shangazi anasema, alikuwa amekaa papo hapo anaitazama, akasema leo siyo siku yake. Kikao cha Apia kilipopangwa Jumapili niliomba radhi, nikatoka nje saa tisa ya kwetu, nikapigia chini ya ngazi za hoteli. Hajapatikana. Kalorib alinikuta pale nimeshika simu sikioni sisemi kitu. Akaniuliza naongea na nani. Nikamwambia nasubiri mtu ameitwa.

Leo ni Jumapili ya kumi na moja. Nimeandaa meza, sahani mbili, kwa ujinga tu. Saa tisa nimepiga.

"Simu ya Mapuna. Unamtaka nani?"

"Namtaka baba yangu, mzee Obed Tarimas."

Nimemsikia akikohoa. Kisha amesema, "Yuko mbali kidogo. Nitampulizia kome. Usikate."

Neno hilo hajawahi kuniambia. Nimelisikia kome likilia, mlio ambao siujui, mrefu, mfupi, mrefu, maana nyumba yetu haikuwahi kuwa na mlio wake. Sasa kumenyamaza. Kuku wanasikika, na upepo. Vocha nimeweka ya kutosha. Sijakata.